Mwewe Si Mmoja

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Dodoma, juu ya namna ya kuwapambanua ndege wawindao wanaotufikia kila mwaka



Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza: Je, habari za mwewe zawafaa nini watu wa kalamu na faili? Jawabu letu ni fupi. Kazi yetu ya kila siku ni kumpambanua mtu na mtu, hati na hati, tarakimu na tarakimu. Karani akimlipa Juma wa kwanza haki ya Juma wa pili kwa sababu majina yao yafanana, hawezi kujitetea kwa kusema ya kwamba walivaa kanzu za rangi moja. Basi nje ya ofisi zetu, juu ya mapaa na mashamba yetu, liko daftari jingine ambalo karibu sote tumelijaza kwa neno moja tu, nalo ni "mwewe." Twataka kuonyesha ya kwamba neno hilo limefunika ndege wengi, na ya kwamba kwa kutowapambanua tumewaonea wasio na hatia. Nasi hatusemi haya kwa kuwalaumu wengine, maana wakosaji wa kwanza tulikuwa sisi wenyewe.

Mwaka mmoja, katikati ya mwezi wa Novemba, mvua zikiwa hazijashika bado, vifaranga walianza kupotea uani kwa mmoja wetu. Walikuwa 12, wakabaki 7. Siku ya nne vijana wakampiga kwa manati ndege mdogo mwenye mgongo wa rangi ya kutu, aliyetua juu ya waya pamoja na wenzake wengi. Wakatuletea, wakisema, "Mwizi amepatikana." Tukamtazama, tukaona mdomo umepinda na kucha ni kali, tukasema, "Naam, ndiye." Tukamtundika juu ya mti uani ili wenziwe waogope. Siku ya tatu yake kifaranga mwingine akachukuliwa.

Jirani yetu, mama mmoja mzee wa Kigogo, alikuja kututazama, akamshusha yule ndege, akampasua gole. Ndani yake mlikuwa na miguu na mabawa ya panzi, wala hapakuwa na hata unyoya mmoja wa kuku. Akatuambia, "Wanangu, mmemwua mla panzi." Tukanyamaza kwa haya.

Walakini hatukujifunza upesi. Baada ya siku chache tukamwona mwizi kwa macho yetu, ndege mkubwa wa hudhurungi mwenye mkia wa panda. Mmoja wetu, aliyekuwa amesoma kitabu, akautazama mdomo wake, akaona ni mweusi. Akasema, "Mwewe wa kwetu ana mdomo wa manjano. Huyu ni mgeni wa kutoka Ulaya." Tukafurahi sana kumpata mgeni wa kumtwika kosa. Kumbe yule ndege, kifaranga kikiwa kuchani, aliruka moja kwa moja mpaka katika mgunga uliokuwa nyuma ya nyumba yetu. Juu yake palikuwa na tundu la vijiti, lililotandikwa matambara na vipande vya karatasi, na pembeni yake wamekaa wazazi wake wawili, midomo yao ya manjano safi. Mwizi alikuwa mwenyeji, amezaliwa juu ya mti wetu. Mdomo wake ulikuwa mweusi kwa kuwa alikuwa mtoto tu.

Hivyo tulikosa mara mbili: kwanza tulimwua asiyehusika, kisha tukamsingizia asiyekuwapo. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi tuliigeuza methali hiyo, tukataka mwenyeji apone kwa kumponza mgeni.

Basi na tuseme habari zenyewe. Kila mwaka, siku zinapofupika na baridi kuingia katika nchi za kaskazini, ndege wengi wawindao huondoka Ulaya na Asia, wakaja Afrika. Wale wenye mabawa mapana hawapendi kuvuka bahari, maana huruka kwa kuchukuliwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, nayo haipandi vizuri juu ya maji. Kwa hiyo husongamana katika njia chache za nchi kavu. Karibu na mji wa Batumi katika nchi ya Georgia, ukingoni mwa Bahari Nyeusi, huhesabiwa ndege wawindao zaidi ya 1,000,000 katika majira hayo ya mwaka mmoja. Wengine huingia Afrika kwa upande wa Suez, wengine kwa mlango wa bahari wa Bab el Mandeb, kisha hushuka kupitia Ethiopia na Kenya mpaka kwetu. Uwanda wetu wa Dodoma, ulio juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,100, huwafaa sana. Ardhi yetu kavu hupata moto mapema, na ifikapo saa tatu au saa nne ya asubuhi hewa huanza kupanda. Kadhalika ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde huuinua upepo, na ndege huutumia kama mtu atumiavyo ngazi.

Kanuni ya kwanza tunayowaomba mwishike ni hii: tazameni umbo kwanza, kisha mwendo, na rangi iwe ya mwisho. Rangi hudanganya. Ndege wa aina moja aweza kuwa mweusi au mwekundu-mwekundu au mwenye kifua cheupe, na mtoto hafanani na baba yake. Tena jua la mchana likiwa nyuma ya ndege, kila rangi huwa kivuli. Lakini mkia wenye panda hubaki na panda, na bawa lililochongoka halibadiliki kuwa pana.

Anayetangulia kufika hatoki Ulaya hata kidogo. Ni tai mdogo wa hudhurungi, jina lake la kitaalamu Hieraaetus wahlbergi, naye husafiri ndani ya Afrika yenyewe. Hufika kwetu mwezi wa Agosti au Septemba, wakati miti imekauka na vumbi limetanda, akazaa, kisha akaondoka mvua zikielekea kwisha. Watu humwita mwewe kwa sababu ya rangi yake. Mtazameni anapopita juu: mabawa ameyanyosha sawasawa, na mkia wake ni mrefu, mwembamba, umekatwa mraba bila panda. Umbo lake ni kama vijiti viwili vilivyopishanishwa. Mwewe halisi hupinda mabawa yake kidogo na kuusokota mkia huku na huku kama nahodha ashikaye usukani.

Wa pili ni mwewe wenyewe, ambao ndio waliotuaibisha. Mwenyeji wa Afrika akiwa mzima ana mdomo wa manjano wote, na kichwa cha hudhurungi sawa na mwili. Mgeni wa Ulaya na Asia, ambaye huanza kuonekana kwetu kiasi cha mwezi wa Oktoba, ana mdomo mweusi wenye manjano mahali pa pua tu. Kichwa chake huelekea kijivu cheupe, na panda ya mkia wake si ya kina sana. Mtego ni ule tuliokwisha kuusimulia, yaani mtoto wa mwenyeji naye ana mdomo mweusi. Kwa hiyo mdomo wa manjano ni shahidi wa kutosha, bali mdomo mweusi peke yake si shahidi. Ukiona madoa au michirizi myeupe kifuani, jua kwamba huenda ni mtoto, na usimhukumu. Andika "mwewe, aina haikujulikana," uendelee na kazi yako. Neno "haikujulikana" si aibu katika daftari, maana aibu ni jina la uongo lililoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Wa tatu ni yule ambaye vitabu humwita shakevale, Buteo buteo. Wageni wa aina hii hupita kwetu zaidi mwezi wa Oktoba na Novemba, mara nyingine wengi pamoja, wakizunguka juu bila kupiga bawa. Mkia wake ni mfupi na huwa duara unapokunjuliwa, na mabawa yake ni mapana. Rangi yake haina kanuni kabisa. Yuko shakevale mwenyeji pia, Buteo augur, akaaye milimani na penye majabali. Huyo mzima hutambulikana kwa mgongo mweusi na mkia mwekundu wa rangi ya kutu. Wote wawili hawana panda mkiani, na hilo pekee lawatenga na mwewe.

Wa nne ni wale kozi wadogo wenye mabawa yaliyochongoka, jamaa ya yule tuliyemwua. Ziko aina mbili zinazofanana mno. Mmoja, Falco tinnunculus, yuko wa kienyeji akaaye penye majabali na yuko mgeni pia. Aghalabu huwinda peke yake au wawili. Wa pili, Falco naumanni, ni mgeni mtupu, naye hupenda kundi. Ukiona kozi wengi wadogo wamejipanga juu ya waya au wanazunguka juu ya mashamba pamoja, yaelekea ni hao. Dume mzima wa aina hii ya pili ana kichwa cha kijivu kisicho na sharubu, mgongo wa rangi ya kutu usio na doa, na ukanda wa kijivu bawani. Yule wa kwanza ana madoa meusi mgongoni na alama kama sharubu chini ya jicho. Majike na watoto ni wagumu kupambanua, lakini iko alama moja ndogo ifaayo ndege akiwa karibu: kucha za naumanni ni nyeupe, na za mwenzake ni nyeusi. Yule aliyetundikwa uani kwetu alikuwa na kucha nyeupe. Twakumbuka hivyo mpaka leo.

Wa tano ni ndege wawili wa kijivu waambaao chini juu ya majani, mabawa wameyainua kidogo mfano wa herufi V. Ni Circus pygargus na Circus macrourus, na wote ni wageni. Dume wa kwanza ana mstari mweusi uliokata juu ya bawa, na michirizi ya rangi ya kutu tumboni. Dume wa pili ni mweupe zaidi, hana mstari huo, na weusi wa ncha ya bawa lake ni kama kabari nyembamba. Majike wote ni wa hudhurungi na weupe juu ya kitako. Lakini jike wa pili aghalabu ana ukosi mweupe shingoni, nyuma ya shavu jeusi. Msimchanganye nao yule mwenyeji mweupe mwenye mabega meusi na macho mekundu, atuaye juu ya waya za simu na kula panya. Huyo ni Elanus caeruleus, naye huweza kusimama hewani mahali pamoja akipiga mabawa, kisha akashuka taratibu.

Wa sita huja mwisho, kiasi cha Novemba na Desemba, pamoja na mvua. Huyu ni kozi Falco amurensis, ambaye huzaliwa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Kozi hupiga mabawa kwa nguvu zake mwenyewe, kwa hiyo huyu haogopi bahari. Hutoka India akavuka Bahari ya Hindi, akafika Afrika ya Mashariki, kisha akaendelea kusini. Dume ni wa kijivu cha moshi, chini ya mkia ni mwekundu wa kutu, na chini ya bawa ana weupe unaong'aa. Jike ana shavu jeupe na sharubu, na watu humdhania kuwa Falco subbuteo, kozi mwingine afuataye mawingu ya mvua. Tazameni miguu: ya jike wa amurensis ni ya rangi ya chungwa, ya subbuteo ni ya manjano.

Habari ya kozi huyu yatufundisha jambo. Mwaka 2012 ilijulikana ya kwamba katika jimbo la Nagaland nchini India, karibu na bwawa la Doyang, kozi hawa walinaswa kwa nyavu makumi ya maelfu ili wauzwe na kuliwa. Habari zikaenea, na wenyeji wenyewe wakakubaliana kuacha. Mwaka 2013 uwindaji ule ulikoma, na ndege wachache wakafungwa vyombo vidogo vya kuwafuata njiani. Vyombo hivyo vilionyesha safari yao juu ya bahari mpaka bara letu. Twataka kusema ya kwamba wavuvi na wakulima wa kijiji cha mbali wamewaachia ndege hawa njia ili watufikie. Je, sisi tuwapokee kwa manati?

Hapa ndipo twafikia jambo zito. Watu wa mkoa wetu wanajua adha ya kwelea katika uwele na mtama. Makundi yao yakizidi, hunyunyiziwa dawa kwa ndege za angani, na dawa inayotumika sana Afrika kwa kazi hiyo ni fenthion. Kwelea aliyeshikwa na dawa huanguka au huruka kwa shida, na ndege wawindao, wenyeji kwa wageni, hukusanyika kumla kwa kuwa ni mawindo rahisi. Nao hupata sumu ile ile. Hatusemi mkulima aachwe aliwe nafaka yake, la. Twasema ya kwamba baada ya kunyunyiza, mtu apite na aandike ni ndege gani waliokufa. Akiandika "mwewe 9," hatujui kama tumewapoteza wenyeji wawezao kuzaa tena juu ya mgunga wetu, au wala panzi waliovuka nchi nyingi ili wafike. Na neno moja kwa wenye watoto: kwelea ni kitoweo cha siku nyingi, hasa upande wa Kondoa, lakini aliyeokotwa mahali palipopigwa dawa asiliwe na mtu kabisa.

Huenda mtu akasema kazi ya kuandika ndege ni ya wataalamu. Basi na tumkumbuke Reginald Moreau. Mtu huyu alianza kazi kama karani wa ukaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza, akapelekwa Kairo, na huko akaanza kutazama ndege. Mwaka 1928 alihamia Amani, katika milima ya Usambara. Hakuwa na shahada ya elimu ya wanyama. Alikuwa na mazoea ya karani, yaani kutazama, kuhesabu, kuandika tarehe, na kutoongeza asichokiona. Kitabu chake juu ya safari za ndege kati ya nchi za kaskazini na Afrika kilitolewa mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake, na wataalamu hukitumia mpaka sasa. Alikadiria ya kwamba ndege wa nchi kavu kama milioni 5,000 huja Afrika kila mwaka. Mwaka 2009 wataalamu wengine walihesabu upya, wakapata kama milioni 2,100 kwa wale wadogo. Hakuna aliyetukanwa kwa sababu hiyo. Hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu yaweza kusahihishwa na wajao baadaye, lakini ile isiyoandikwa haina wa kuisaidia.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa kila mwanachama. Tangu Agosti hata Desemba, weka kijitabu mfukoni. Andika tarehe, saa, mahali, na idadi. Kisha andika umbo la mkia, umbo la bawa, rangi ya mdomo na miguu kama uliiona, na alichokuwa akifanya ndege. Jina liandikwe mwisho, baada ya ushahidi, kama vile sahihi iwekwavyo chini ya hati na si juu yake. Mliohamishwa Kongwa, Mpwapwa, Bahi au Manyoni mtakuwa na faida kuliko sisi wa mjini, maana mtaona tusiyoyaona. Tulinganishe vijitabu vyetu mwisho wa mwaka.

Na kuhusu vifaranga, tulipata dawa yake, nayo haikuwa manati. Majuma ya kwanza vifaranga hufunikwa kwa tenga mchana, pamoja na mama yao, chini ya kivuli. Mwewe wa mgunga wetu bado yupo, hupita, hutazama, huenda zake. Wale wenye kucha nyeupe nao hurudi juu ya waya kila mwaka. Vijana waliompiga mwenzao sasa huja mbio kutuambia siku wanapofika, nasi huitia siku hiyo katika daftari.

Bwana Mwenyekiti, wenzetu, hukumu bila kupambanua ni dhuluma, iwe ni juu ya mtu au juu ya ndege. Kama yuko mwenye swali au masahihisho, tutapokea kwa moyo mweupe.